Nafula na Pikapu ya Kuvuta Sleji

Nyinyi mnaofika Doha na vyeti vya ufundi vimekunjwa ndani ya bahasha, kaeni hapa kidogo. Mimi ni Rajabu, mtu wa Muheza. Nimefungua injini katika eneo la viwanda la mji huu miaka ishirini na miwili. Sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu, mtaa wa Al Thumama, nasikiliza ndege zinavyotua na kukisia ipi inahitaji kutazamwa. Binti yangu anasema niache kuwatafutia marubani makosa. Anasema pia niandike, maana nikisimulia kwa mdomo chai inapoa na wageni wanakosa mahali pa kuniaga.

Habari za kubadilisha oili sitawaandikia. Hizo mtajifunza kwa kuunguza vidole. Nataka kuwaambia juu ya pikapu moja ya dizeli niliyoitengeneza ivute sleji, na juu ya mwanamke wa Bungoma ambaye mpaka leo nikimkumbuka navua kofia, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Sleji si kitu cha kwetu. Ni jukwaa la chuma, nyuma lina magurudumu, mbele halina, na juu yake kuna sanduku lililojaa vyuma. Unalifunga nyuma ya gari kwa mnyororo na kulivuta kwenye njia ya udongo ulioshindiliwa. Kadiri unavyokwenda, sanduku linatambaa kutoka nyuma kuja mbele, na jukwaa linazidi kukandamiza udongo. Mwanzo unaona mzigo mwepesi, mwisho unavuta nyumba na waliomo. Hakuna anayekimbizana na saa. Anayefika mbali ndiye mshindi. Rafiki mmoja wa bosi wangu aliuona mchezo huo alipokuwa masomoni ng'ambo, akarudi, akaunda sleji yake na kuiweka shambani kwake kaskazini ya mji. Wenzake wenye pikapu kubwa wakashikwa na wazimu uleule. Walikutana Ijumaa alasiri, majira ya baridi, wakati ambapo mtu anaweza kusimama juani bila kujuta.

Bosi wangu namwita Bwana Nasser. Gereji ilikuwa yake. Mama yake, Bibi Zuwena, alizaliwa Unguja, akaolewa huku angali msichana, na nyumba yake haikuacha Kiswahili. Ndiyo sababu sisi watu wa pwani na bara tulipata kazi pale, na ndiyo sababu bosi aliweza kunigombeza nikaelewa kila neno.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kitoto, ingawa nilikuwa na mvi tayari. Niliamini nguvu ya dizeli ni wingi wa dizeli. Niliweka nozeli kubwa, nikafungua pampu, nikawasha. Moshi uliotoka ulikuwa mweusi na mzito, gereji nzima ikatoka nje kushangilia. Bwana Nasser hakungoja hata mkia wa gari upoe. Tukaenda The Pearl, mtaa wa matajiri, tukapita polepole mbele ya mikahawa ya kandokando ya maji, na pale penye watu wengi akakanyaga. Walikuwepo mabwana waliovaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi vizuri. Sitaeleza zaidi. Mlinzi, kijana wa Nairobi, alimwomba bosi kwa adabu kubwa asogeze gari, halafu akazunguka upande wangu na kuinama dirishani.

"Mzee," akaninong'oneza, "hii ndinga yenu inapika ama inaenda?"

Nilicheka njia nzima, lakini swali lile lilinikaa. Moshi mweusi ni chakula ambacho gari limeshindwa kukila. Mafuta mengi yanataka hewa nyingi. Ikabidi nitafute tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kubwa zaidi, nipanue mabomba ya hewa, niweke na kipimo cha joto kwenye ekzosi ili tujue pistoni zinaanza lini kuungua. Nilipomaliza, moshi ulikuwa mwembamba na gari lilikuwa na nguvu karibu maradufu. Mkiona gari linatoa moshi mwingi na watu wanapiga makofi, mjue makofi yale ni ya moshi.

Shindano la kwanza tulikuwa bado na moshi, tukasimama karibu na tulipoanzia. La pili tulikuwa na injini nzuri, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo fundi wa kwingine asingelifanya. Mtu aliyekaa Doha, akiona gari linatoka kwenye lami, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye vali ya tairi. Kila Ijumaa watu wanakwenda kwenye matuta ya mchanga, na kitu cha kwanza ni kutoa upepo ili tairi litandazike lisizame. Nimewatolea upepo mabwana wengi hadi kidole gumba kimeota sugu. Basi tulipofika shambani, kabla ya mtu kuniuliza, nikatoa upepo matairi yote manne. Halafu nikapanga mifuko ya mchanga nyuma, juu ya ekseli, nikijisifu kwamba magurudumu ya nyuma hayatateleza.

Bwana Nasser aliendesha mwenyewe. Udongo ule ulikuwa mgumu, si mchanga. Sleji ilipoanza kuwa nzito, pua ya gari ilinyanyuka, magurudumu ya mbele yakawa yanapapasa hewa, na tairi la nyuma lililolegea likajikunja na kuchomoka kwenye rimu. Gari likakaa upande mmoja. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega.

Njiani kurudi Bwana Nasser hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia kwamba ikitokea mara ya tatu atalipeleka gari gereji nyingine, na mimi atanikatia tiketi nirudi kwetu. Mwaka huo binti yangu alikuwa anamaliza sekondari hapa Doha, na ukaazi wake ulishikamana na wangu. Bataka yangu, kile kitambulisho cha ukaazi, ikifutwa, na yake inafutwa, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili. Nilimtazama akisoma mezani jioni ile, kichwa ameinamisha, nikaona aibu kumwambia kwamba masomo yake yananing'inia kwenye pikapu.

Sasa ndipo anapoingia Nafula. Alikuwa dereva wa Bibi Zuwena, anamchukua sokoni, hospitali, kwa mashoga zake. Alileta gari la Bibi kubadilishwa pedi za breki, akanikuta napanga tena mifuko ya mchanga, safari hii mingi zaidi. Akasimama. Akatazama. Akauliza kwa nini uzito nauweka nyuma.

Nilimjibu kwamba gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma.

"Hiyo sleji itakupatia uzito wa nyuma yenyewe," akasema. "Mbele ndio inabaki bila mtu."

Mafundi wakaguna. Mimi nina hasira za karibu, nikamwambia akamalize manunuzi ya Bibi. Hakununa. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti: gari, mzigo, na mstari wa mnyororo. Akasema kwao alikuwa anaendesha trekta la kuvuta matrela ya miwa, na kwamba kifungio kikiwa juu mno na mbele kukiwa kwepesi, trekta linasimama kwa miguu ya nyuma na kumlalia dereva. Aliwahi kuona mtu akifa hivyo. Akachukua funguo za gari la Bibi, akaondoka.

Nilikaa na mchoro ule nusu saa. Kisha nikafunga trela lililojaa vyuma chakavu nyuma ya pikapu, nikamweka mtu aendeshe, nami nikalala kifudifudi kutazama magurudumu ya mbele. Yalikuwa yananyanyuka kama alivyosema. Nilijiona mpumbavu, lakini pia, nisiwafiche, nilifurahi, kwa sababu kitu nilichokuwa nakitafuta usingizini kimesemwa na mtu kwa sentensi mbili.

Nikaenda nyumbani kwa Bibi kuomba radhi. Bibi aliposikia, alikubali Nafula aje gereji alasiri tatu kwa wiki, kwa sharti kwamba na yeye aje. Basi akawa anakaa kwenye gari lake na kiyoyozi, chupa ya kahawa pembeni, dirisha limeteremshwa kidogo, anauliza kila chuma kina kazi gani.

Siku zile nilimweleza Nafula habari za tiketi na za mtihani wa binti yangu, na nilijifunza kuliko miaka kumi iliyotangulia. Tuliteremsha kifungio. Tulitoa mchanga wote nyuma, tukatengeneza fremu mbele ya bampa na kuning'iniza vyuma vizito humo. Tuliweka vitalu vya chuma kati ya chesisi na ekseli ya nyuma, ili springi zisicheze na gari lisirukeruke. Tairi tulizijaza, tukavuta, tukatazama alama zake kwenye udongo, tukapunguza kidogo, tukatazama tena, mpaka tairi zikawa zinagusa chini kwa upana wake wote bila kujikunja. Nafula alikuwa na subira ya ajabu. Mimi napenda kurekebisha vitu vitatu kwa mpigo nione matokeo. Yeye alinikatalia. Kitu kimoja, kisha vuta, kisha shuka ukatazame.

Na uendeshaji wake! Wengine walikuwa wanakurupuka, mnyororo unapiga kwa kishindo, tairi zinachimba shimo hapohapo. Nafula alisogea taratibu mpaka mnyororo umekaza, akatulia, akapandisha resi hadi tabo ikaanza kuimba, ndipo akauachia mguu wa breki. Gari liliondoka bila kelele. Bibi Zuwena aliona, na jioni ile alimaliza mjadala ambao sisi tungeogopa kuuanza. Alimwambia mwanawe, "Wewe mwanangu ushavuta mara mbili, tushaona. Mpe ajuaye."

Bwana Nasser akampa Nafula funguo. Nampa sifa yake hapo. Si kila mwanamume angekubali mbele ya wenzake.

Ijumaa ya shindano la tatu tuligawana asubuhi kama watu wa huku wanavyogawana Ijumaa. Nafula alikwenda Mesaimeer, kwenye makanisa, pamoja na Wakenya wenzake. Mimi nilikuwa nabadilisha kiungo cha mbele cha propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, kwa sababu kilikuwa na mchezo kidogo. Kiungo hicho kinashikwa na bolti nne. Nilizitia zote, nikazizungusha kwa vidole hadi zikakaa, na hapo adhana ikaadhiniwa. Nikasema moyoni, nikirudi nitazikaza. Nikanawa, nikaenda kuswali.

Msiilaumu swala. Laumuni biriani. Niliporudi nilikuta sinia kubwa kutoka kwa Bibi, mafundi wamelizunguka wananiita nikae kabla nyama haijaisha. Nikala. Nikanawa tena. Gari la kubebea pikapu likafika, dereva wake ana haraka, tukaipakia. Sikuzikumbuka zile bolti hata kwa mbali.

Shambani Nafula alibadilisha gauni lake la kanisani, akavaa suruali na viatu vizito, akapanda. Aliyekuwa anaongoza aliwekewa bendera nyekundu kando ya njia. Mnyororo ukakaza. Tabo ikaimba. Gari likaondoka, pua chini, magurudumu yote manne yako chini, na wale waliocheka mara ya pili wakasogea karibu na njia mmoja mmoja. Alipita alama ya wa tatu. Alipita ya wa pili. Sleji ilikuwa imelala kabisa kwenye udongo na bado inakuja. Nilikuwa napiga kelele nisiyoijua. Zikabaki hatua tatu kufikia bendera.

Akatoa mguu. Gari likasimama.

Nilikimbia na maneno mabaya mdomoni, nakiri. Nilipofika alikuwa ameshashuka, amechutama, anatazama chini ya gari. Alinionyesha kwa kidole. Bolti mbili hazikuwepo. Ya tatu ilikuwa imening'inia kwa nyuzi za mwisho. Ya nne, peke yake, imepinda.

Vijana, propela ikichomoka mbele huku injini ina nguvu zote, haianguki tu. Inazunguka na kupiga kama rungu, na mahali inapopiga ni sakafu iliyo chini ya kiti cha dereva. Siku hizi tunaifungia pete za chuma kuizunguka. Wakati ule hatukuwa na pete.

Bwana Nasser alikuwa anakuja na wenzake. Nafula akasimama, akajipangusa vumbi, akasogea ili wakutane naye kabla hawajafika garini. Aliulizwa kwa nini amesimama. Akasema aliogopa, mguu ulitoka wenyewe. Wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, kile kicheko cha wanaume waliothibitishiwa jambo lao. Bosi aliniwekea mkono begani, akasema gari liko sawa, nimefanya kazi yangu, tatizo ni dereva, na dereva atatafutwa mwingine.

Nami nikanyamaza. Nilisimama pale mbele ya bolti zangu, nikanyamaza.

Tulipokuwa tunaipakia nilimuuliza kwa nini amefanya hivyo.

"Mtoto amalize mtihani," akasema. "Kuitwa muoga hakutaniua. Hiyo propela ndio ingeniua."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida huku akifunga mikanda ya gari la kubebea. Nimefanya kazi na mafundi hodari wa mataifa mengi, watu wanaofunga injini macho yamefumba. Sijaona mwingine aliyeacha ushindi hatua tatu mbele yake, kisha akaiacha na heshima yake pia, yote kwa alasiri moja, bila kuninunia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Bibi Zuwena. Bwana Nasser alikuwepo, anakunywa kahawa na mama yake. Nafula alisimama mlangoni, anangoja kumpeleka Bibi safari zake. Nilisema yote bila kukaa: vidole, adhana, biriani, bolti. Nilisema Nafula hakuogopa, aliokoa roho yake na injini, akanisitiri na mimi.

Bosi aliweka kikombe chini. Aliyekasirika wa kwanza, hata hivyo, alikuwa Nafula.

"Sasa umenifanya muongo mbele ya Mama," akaniambia. Na alikuwa na haki. Mimi nilikuja kuupunguza mzigo wangu, sikumuuliza kama anataka kuubeba wake hadharani.

Bwana Nasser alianza kusema juu ya tiketi yangu. Bibi akamnyamazisha kwa kiganja, akamgeukia Nafula, akamuuliza alisikia nini hasa mpaka akasimama. Nafula alifikiri kidogo. Akasema kulikuwa na kitu kinagonga chini ya kiti, kidogokidogo, tangu katikati ya njia. Hicho angeweza kwenda nacho. Halafu kikaacha kugonga.

"Kikiacha, Mama, ujue kimeshatoka," akasema.

Bibi alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeonja kitu kitamu. Akamwambia mwanawe kwamba hata huyu mzee amekuja kujisema mwenyewe kwa miguu yake, na mwengine wa kujisema mwenyewe atampata wapi. Nibaki. Lakini kuanzia siku hiyo, pikapu ile isitoke gerejini kabla Nafula hajaingia chini yake na spana. Akisema iko tayari, iko tayari. Na dereva ni yeye.

Bwana Nasser alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamwomba Nafula amjazie kikombe, kisha akasita, akasimama na kujijazia mwenyewe, akammiminia na Nafula.

Binti yangu alifanya mtihani wake. Sisi tukaanza kuiandaa pikapu kwa shindano la nne. Nilinunua bolti mpya, ngumu zaidi, za chini ya gari lote. Safari hii nilizikaza kwa jino na ukucha, nikarudia, nikarudia tena, kwa sababu nilitaka aingie chini, asikute kitu, atoke. Fundi mzee ana kiburi chake. Nilimtandikia boksi la karatasi, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Nilisikia spana ikigusa bolti moja baada ya nyingine, bila kusogea. Halafu nikaisikia ikizunguka, robo ya mzunguko.

Akatoka, akaniwekea spana mkononi.

"Moja tu ilikuwa imelegea, mzee."

Nikamuuliza ni ipi. Akasema ni ya propela, ile ya mbele, chini ya kiti.